Ggaba hadi Bududa: mashindano ya kirafiki ya waokoaji, siku kwa siku

Ratiba hii ni ya timu sita za watu sita sita, waamuzi wanane na magari manne, ndani ya wiki moja ya Januari au Februari, kabla mvua za Machi hazijaupiga Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda. Kwenye timu wamo askari wa zimamoto na uokoaji, wanajeshi, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, waongoza maboti wa Jinja, askari wa hifadhi, na wageni wachache wa ng'ambo ya mpaka. Huyu anaongea Luganda, yule Lugisu, mwingine Kijaluo, kwa hiyo amri zote za kambani na majini ni za Kiswahili na ni nne tu: Vuta, Simama, Legeza, Funga. "Simama" inaweza kutamkwa na yeyote, hata anayeigiza majeruhi, na ikitamkwa kila mkono unatulia.

Kila kituo kina alama 100: 40 za usalama, 30 za hali ya majeruhi, 20 za mawasiliano na 10 za muda. Kila mwaka kuna anayelalamika kwamba muda umepewa alama chache mno. Zinatosha. Saa ikipewa alama 50, watu huanza kuruka ukaguzi wa mafundo, huachia machela kabla haijafika chini, na wanakwenda nyumbani na kombe pamoja na mazoea mabaya. Mashindano ya waokoaji wa migodini huko Marekani yana umri wa zaidi ya miaka 100, na huko timu hukatwa alama kwa kila kosa. Tumefuata njia hiyo.

Jambo la pili ni nani anayelala kwenye machela. Ni mwamuzi. Gunia la mchanga halisemi kwamba kichwa chake kimegonga jiwe, wala kwamba kwa dakika kumi hakuna aliyeongea naye. Mwamuzi huyo ana kadi mfukoni yenye maumivu yake, baridi yake na maswali aliyoulizwa, na ndiye anayetoa zile alama 30. Gunia linatumika mahali pamoja tu, pale kamba inapojaribiwa kwa mara ya kwanza.

Siku ya 1: Ggaba, Ziwa Victoria

Shughuli zinaanza saa 1 asubuhi, ziwa likiwa bado limetulia. Ikipita saa 6 mchana upepo wa ziwani huinua mawimbi, na boti la mbao lenye watu wanane huwa na kazi ya kujiokoa lenyewe. Kabla ya kuwasha injini, polisi wa majini na wavuvi wa mwaloni wanaarifiwa, na kila ujumbe wa redio unatanguliwa na "zoezi, zoezi". Ikitokea dharura ya kweli neno ni "si zoezi", na mashindano yanasimama.

Kazi yenyewe ni kumtafuta mtu aliyeonekana mara ya mwisho majini dakika 20 zilizopita. Timu inafika pale alipoonekana na kutupa dumu la lita 20 kama alama. Kosa la kwanza la karibu kila timu ni kutupa dumu tupu. Dumu tupu linapeperushwa na upepo na kumwacha mtu nyuma, kwa sababu mwili wa mtu umezama sehemu kubwa na hufuata maji kuliko upepo. Lijazwe maji zaidi ya nusu, lielee likiwa limezama, hapo ndipo litasafiri takribani kama yeye.

Kutoka kwenye dumu boti huchora mraba unaopanuka. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, sekunde 30 ni kama mita 67. Unakwenda sekunde 30 kuelekea maji yanakosukuma, kona ya kulia, sekunde 30, kona, dakika 1, kona, dakika 1, kona, dakika 1 na nusu, na kuendelea hivyo. Nahodha hatazami maji, anatazama dira na saa. Wanaotazama maji ni wanne, kila mmoja na robo yake. Nahodha akianza naye kutafuta, mraba unageuka yai, na kuna vipande vya ziwa vinavyopitiwa mara mbili huku vingine havipitiwi kabisa.

Mtu akionekana, boti linamwendea likipingana na upepo ili liweze kusimama, na injini inatolewa gia zikiwa zimebaki mita chache. Ubavu wa boti la mbao ni mrefu, na mtu aliyechoka ni mzito. Njia rahisi ni turubai la mita 2 lililofungwa ncha moja kwenye ukingo wa boti: linateremshwa chini ya mwili wake, ncha ya pili inavutwa juu, naye anaviringika hadi ndani. Nguvu inayohitajika ni kama nusu ya uzito wake. Wavutaji ni wawili tu, wengine wakae ubavu wa pili. Wanne wakiinama upande mmoja, waliotumwa kuokoa wanakuwa wa kuokolewa.

Jaketi la kuokolea lisilofungwa kamba zote linakata alama 10 kwa kila mtu. Wakati boti la starehe la MV Templar lilipozama upande wa Mukono Novemba 2018, likiwa limebeba watu kupita uwezo wake, zaidi ya watu 30 walikufa. Katika jambo hili waamuzi hawana mjadala.

Siku ya 2: Msitu wa Mabira

Msafara unaondoka Kampala saa 11 alfajiri. Ukichelewa hadi saa 1, foleni ya Mukono inakula asubuhi yote. Namawojjolo, soko la kando ya barabara, hakuna kusimama kwa kuku wa vijiti kabla ya zoezi. Mtu aliyeshiba kuku halali kifudifudi kwenye vichaka kwa moyo mweupe.

Kibali cha kuingia msituni kinatoka Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na kinaombwa mapema. Kazi ni kumtafuta mtu aliyepotea tangu jana, akiwa ameacha vitu vinne njiani: kiatu, chupa, kipande cha kanga na kopo la sigara. Kila timu inapewa mahali pa kuanzia kwa namba za ramani, na hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Ramani za zamani za Uganda za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Simu na GPS, zisipobadilishwa, husoma WGS84. Namba zilezile zikisomwa kwenye ramani na kuingizwa kwenye kifaa bila kubadilisha mfumo zinakupeleka takribani mita 300 pembeni, kaskazini au kusini. Kuna na mtego wa pili: Mabira iko kaskazini kidogo tu ya Ikweta, kanda ya 36 kaskazini. Ukichagua 36 kusini kwa bahati mbaya, kifaa kitakupeleka karibu na Ncha ya Kusini, na utacheka na kurekebisha. Kosa la mita 300 halichekeshi, kwa kuwa linaonekana sahihi. Timu inayotaja mfumo wa ramani kila inapotuma namba kwa redio inapata alama zote za mawasiliano hata kama sauti inakwaruza.

Nafasi kati ya mtu na mtu kwenye mstari haikisiwi. Weka kiatu chini, rudi nyuma mpaka kisionekane, kisha sogea mpaka kionekane tena, upime. Rudia kutoka pande tatu au nne na uchukue wastani. Vichaka vya Mabira vikikupa mita 4, mtu na mwenzake wasimame mita 8. Kila baada ya hatua kumi geuka utazame ulikotoka. Vitu vingi viko nyuma ya mizizi mikubwa na havionekani ukitokea mbele. Mwenye dira anatembea katikati, si pembeni. Akikaa pembeni, upande wake unakwenda haraka, mstari unapinda, na katikati panabaki shimo ambalo hakuna aliyelitazama.

Kila baada ya mita 100 wote wanapiga filimbi kwa pamoja, halafu kimya cha dakika nzima. Ni dakika ngumu kuliko kutembea. Watu wanakohoa, wanakanyaga matawi, mmoja anajibu simu. Anayeigiza kupotea ameagizwa kuitika kwa sauti ya chini, mara moja tu, sekunde ya 40.

Kitu kikipatikana hakiokotwi. Kinawekwa alama ya utepe, namba zinatumwa, mstari unasubiri. Utepe wote unatolewa kabla ya jua kuzama. Kwenye redio bonyeza, hesabu moja, ndipo uongee. Anayebonyeza na kuongea papo hapo anakatwa neno la kwanza, na neno la kwanza mara nyingi ni "hapana".

Siku ya 3: Jinja, Mto Nile

Maji yanayotoka Ziwa Victoria yanapita kwenye mabwawa ya umeme, hivyo kina cha mto hubadilika kufuatana na uzalishaji. Jiwe lililokuwa kavu saa 3 linaweza kuwa chini ya maji saa 5. Kipigilie kijiti ukingoni mwa maji unapofika, ukitazame kila robo saa. Waongoza maboti wa hapa ndio walinzi wa zoezi: wawili chini ya mkondo na kayaki, mmoja juu akitazama magogo yanayokuja. Bila hao watatu kituo hakifunguliwi.

Mkondo ukienda kasi mara mbili, nguvu yake kwenye miguu yako ni mara nne. Kwa sababu hiyo kuingia majini kuna alama chache kuliko zote. Mpangilio ni kuita, kumnyooshea kijiti au kasia, kumtupia kamba, kutumia chombo, na kuogelea mwisho kabisa, tena ukiwa umefungwa kamba kwenye jaketi lenye kifungo cha kujifungulia. Timu iliyotuma mwogeleaji wakati mtu angefikiwa kwa kasia inapata sifuri ya usalama, hata kama mwogeleaji wao ni hodari kuliko samaki.

Mfuko wa kamba una mita 20 za kamba inayoelea. Fungua mdomo wa mfuko, shika ncha kwa mkono wa pili, mwite mtu mpaka akutazame, ndipo urushe, kamba ianguke kifuani pake na mfuko umpite. Ukirusha kabla hajakutazama, kamba itampita mgongoni naye hatajua. Akishaishika anageuka chali, miguu mbele, kamba juu ya bega lililo mbali na mvutaji, na maji yenyewe yanamsukuma ukingoni. Mvutaji anaketi au anapiga magoti. Hajifungi kamba kiunoni wala kuizungusha mkononi. Kosa linalorudi kila saa ni kukanyaga kamba iliyo miguuni, na la pili ni kukunja kamba duara duara ndani ya mfuko. Kamba hushindiliwa kidogo kidogo bila kukunjwa. Iliyokunjwa inatoka na fundo.

Ukikosa, usirudishe kamba mfukoni. Ivute, ikusanye mkononi, chota maji kidogo mfukoni ili uwe mzito, rusha tena. Kwa mtu anayepelekwa na mto una sekunde 20 hivi kabla hajakupita.

Baada ya hapo ni sanamu ya mafunzo mchangani, aliyezama na hapumui. Pumzi 5 za kuanzia, kisha mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Kumning'iniza mtu kichwa chini au kumkandamiza tumbo ili "amwage maji" bado kunafanyika kwenye myalo mingi, na kunapoteza dakika ambazo ubongo hauna. Anayefanya hivyo mbele ya mwamuzi anasimamishwa hapo hapo na kufundishwa upya, na timu nyingine zikisikiliza.

Nile na ziwa vina kichocho. Kila mshiriki anaandikiwa tarehe ya kwenda kupimwa baada ya wiki kadhaa.

Siku ya 4: Jinja hadi Sipi

Njia ni Iganga, barabara ya Tirinyi, vinamasi vya Mpologoma, Mbale. Hakuna kituo cha kushindania leo. Mbale magari yanasimama karibu na Mto Nabuyonga, ule uliofurika pamoja na Namatala mwishoni mwa Julai 2022, watu wanyooshe miguu na kuona jinsi nyumba zilivyo jirani na maji. Jioni Sipi, kwenye baridi, kamba zote zinapitishwa mkononi sentimita kwa sentimita. Ukigusa mahali palipo laini au pamevimba, kamba hiyo haipandi kesho.

Siku ya 5: Sipi

Maporomoko makuu ya Sipi yana urefu wa karibu mita 100, na kila mgeni anataka kushindania pale. Hapana. Maji yanazima sauti, mwamba unateleza, na mita 100 hazifundishi kitu ambacho mita 20 hazifundishi. Tunatafuta ukingo mkavu wa mita 15 hadi 20, kwa ruhusa ya mwenye shamba, na kahawa yake haikanyagwi.

Elgon ni volkano ya kale na mwamba wake mwingi ni mawe yaliyogandishwa pamoja, yanayong'oka. Jiwe lisiaminiwe kabla ya kugongwa na kusikilizwa. Mti ulio hai, mnene kuliko paja, kamba ikizungushwa chini karibu na mizizi, ni bora. Ukitumia nanga mbili, yaani sehemu mbili za kufungia kamba, tazama pembe kati yake: nyuzi 60 kila nanga inabeba asilimia 58 ya mzigo, nyuzi 90 asilimia 71, nyuzi 120 kila moja inabeba mzigo wote mzima kana kwamba mwenzake hayupo. Zaidi ya 90 mwamuzi anakata.

Kamba ni mbili, zote milimita 11, zisizonyumbuka sana: moja ya kazi, moja ya akiba, kila moja na nanga yake. Kamba ya kushikilia, yaani kishikio, ni ya milimita 8, imezungushwa mara tatu. Mfumo wa kuvutia ni tatu kwa moja: kumpandisha mtu mita 1 unavuta mita 3, na kwa ukingo wa mita 20 ni mita 60 za kuvuta pamoja na kurudisha kishikio kila mara. Timu zisizo na kapi za kutosha hupitisha kamba kwenye karabina tupu (pete ya chuma ya kufungia). Inafanya kazi, ila msuguano unaila faida: tatu kwa moja inashuka hadi karibu mbili kwa moja, na watu wanne wanahema wasijue kwa nini. Kapi moja ukiwa nayo, iweke karibu zaidi na mikono ya wavutaji. Ikifungwa mbali nayo inasaidia kidogo.

Mzigo wa kwanza ni magunia manne ya kilo 20. Kabla haujashushwa, mwamuzi anapiga filimbi na wote wanaachia kamba mikononi. Mzigo ukibaki pale pale, mfumo umepita. Ukishuka, hata kwa nusu mita, mfumo unategemea mikono ya watu, na mikono ya watu huumwa na nyuki. Timu moja kati ya tatu hufeli hapa mara ya kwanza, kwa kawaida kwa sababu kishikio kimekazwa kikavu na hakikuvutwa kikakaa vizuri. Wakipita ndipo mwamuzi mwenyewe anapanda machelani pamoja na msindikizaji, na kwa hesabu ya vifaa mzigo huo wa watu wawili huchukuliwa kuwa kilo 200.

Ukingoni sauti haifiki, hivyo filimbi ni moja kwa simama, mbili kwa pandisha, tatu kwa shusha, nne kwa kamba iko huru. Kumbukeni hizo filimbi tatu za kushusha. Kesho maana yake inabadilika.

Siku ya 6: Bududa

Timu zinavunjwa. Kwa kura, kila timu inagawanywa watatu watatu, yanatoka makundi mawili ya watu 18. Wapo wanaochukia siku hii, hasa wanaoongoza kwa alama, na ndiyo siku tunayoitetea kuliko zote. Machi 2010 udongo ulipofunika Nametsi na kituo chake cha afya, Oktoba 2018 Mto Tsume uliposhuka na mawe yake, au Novemba 2024 kule Bulambuli, walioshika jembe la kwanza walikuwa majirani, na waliofika baadaye walitoka vikosi ambavyo havijawahi kufanya kazi pamoja. Alama za leo zinagawanywa sawa kwa kila aliyekuwa kwenye kundi.

Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anaonwa kwanza, na yeye ndiye anayeonyesha mteremko wa kutumia. Hakuna anayechimba mahali ambapo watu walizikwa na udongo. Mvua ikinyesha usiku, zoezi linahamia uwanja wa shule.

Kabla ya kazi yoyote mtu mmoja anapanda kukaa juu akitazama mteremko, mwingine anakaa kwenye kijito. Kijito kikipungua ghafla au kikigeuka tope, kuna kizuizi huko juu na kitapasuka. Ishara zinazofuatwa ni zile za kimataifa za kazi za majengo yaliyoporomoka: filimbi fupi tatu ni ondokeni, moja ndefu ni kimya, ndefu na fupi ni endeleeni. Hapa ndipo tatu za Sipi zinapouma. Mtu wa kamba anayesikia tatu na kushusha mzigo wakati wenzake wanakimbia anaonyesha mbele ya wote kwa nini jambo hili husemwa asubuhi. Mlimani Bududa filimbi ni za ishara hizi tu. Kamba zinaongozwa kwa mkono na redio. Kukimbia ni kwenda pembeni, kwenye kimgongo cha ardhi ngumu, kamwe si kushuka na bonde.

Utafutaji unaanza kwa kuuliza: nyumba ilikuwa wapi, nani alikuwa ndani, ilisukumwa upande gani. Fimbo zinachomwa kwanza kwenye kona, nyuma ya miti mikubwa na pale tope lilipolundikana. Akipatikana, anakingwa baridi chini kabla ya juu; majani makavu ya migomba yakiwekwa unene wa kiganja, na turubai likizungushwa, yanashinda blanketi moja lililotupwa juu yake.

Kisha kilomita 2 za machela kwenye njia ya miguu. Sita wanabeba, sita wanatangulia kusafisha njia, sita wanapumzika wakitembea, na zamu zinabadilishwa kila dakika tano kabla mtu hajasema amechoka. Kichwa kinaelekea juu ya mlima. Kwenye tope la kuteleza hakuna kutembea na mzigo: watu wanasimama mistari miwili, machela inapita mikononi, wa nyuma wanakimbilia mbele. Watu wa Kigezi, walikozoea vyama vya engozi, vya wanakijiji wanaobeba wagonjwa kwa machela, huifanya kazi hii kwa utulivu ambao timu zenye vifaa vipya huishia kuutazama tu.

Mazungumzo ya mwisho ni dakika 15 kwa kila kundi, na mwenye kadi ya majeruhi anaongea wa kwanza. Matokeo yanasomwa baada ya hapo. Kamba zinaoshwa kwa maji safi bila sabuni na kuanikwa kivulini. Iliyokaguliwa ikakataliwa inakatwa vipande vya mita 2 vya kufundishia mafundo, navyo vinabaki kwa mwenyekiti wa LC1 pamoja na machela mbili na filimbi kumi.